Leso, Mtumba na Rinda: Historia Fupi ya Istilahi za Nguo ya Vipande

Kushona vazi jipya kutokana na nguo kuukuu au mabaki ya kitambaa si jambo geni katika pwani yetu. Hata hivyo, mfasiri akabidhiwapo kitabu cha ushonaji cha kigeni huhangaika kutafuta maneno, kana kwamba Kiswahili hakijapata kushika sindano. Historia yashuhudia kinyume chake.

Tutazame neno leso. Asili yake ni Kireno, nalo lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Mapokeo ya pwani yasema kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijatenganishwa, wakaviunga kwa mshono, wakapata vazi la kujifunga na kujitanda. Vazi lilikua, jina likabaki. Merikani nayo iliitwa hivyo kwa kuwa ilitoka katika viwanda vya Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya nchi hiyo na Sayyid Said. Vita vya 1861 hadi 1865 vilipopunguza shehena zake, vitambaa vya kwingine vilishika soko, lakini jina halikufutika.

Mtumba umepita njia iyo hiyo. Hapo kale ulikuwa mzigo uliofungwa, aghalabu wa nguo, uliobebwa na mpagazi. Biashara ilipolegezwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na nguo za ng'ambo zikaingia kwa wingi, jina la mzigo likahamia kwenye kilichomo ndani.

Hapa ndipo pana hatari. Siku hizi wengi huita mtumba kila kitambaa kisicho kipya, na hata vipande vipya vilivyosalia mezani pa fundi. Katika forodha kosa hili lina gharama, kwani orodha ya kimataifa ya bidhaa huziweka nguo zilizovaliwa katika kifungu 6309, na matambara katika kifungu 6310. Basi tutenganishe: mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na kuuzwa tena, mabaki ni kitambaa kilichosalia baada ya kukata, kiraka ni kipande cha kuzibia tundu.

Tatizo jingine ni ile sketi pana na blauzi yake ambazo Wazungu huzinasibisha na wakulima wa Ulaya ya zamani. Kuandika "sketi ya mkulima" ni kumpotosha msomaji, ambaye humjua mkulima kwa jembe lake, wala si kwa mshono wa nguo yake. Heri mfasiri ataje umbo: sketi ya marinda, yenye mpira kiunoni, na blauzi iliyokunjwa marinda shingoni. Mwanafunzi wa ushonaji akisoma hivyo atajua pa kuanzia kukata.

Istilahi njema haitafutwi mbali iwapo fundi wa mtaani anayo tayari. Wajibu wetu ni kumsikiliza, kisha kuliwekea neno lake mpaka.