Kuzomea: Maana na Asili Yake

Mara nyingi katika kumbukumbu za mikutano na katika tafsiri za habari twakuta maneno "watu walipiga kelele", hali msemaji alikuwa akizomewa. Kosa hilo si dogo. Kelele huweza kuwa za furaha, za hofu, au za sokoni tu. Bali kuzomea kuna mlengwa, na ndani yake mna hukumu. Ofisa asomaye taarifa ya namna hiyo hawezi kujua kama hotuba ilipokewa au ilikataliwa.

Kwa umbo, zomea ni neno la Kibantu. Vitenzi vya dhihaka tulivyovipokea kutoka Kiarabu, kama vile dhihaki na stihizai, haviishii kwa -a. Zomea huishia kwa irabu hiyo, nalo hunyambuka bila taabu: zomewa, zomeana. Mwisho wake wafanana na ule wa kauli ya kutendea, kama chekea litokanalo na cheka, ingawa katika Kiswahili Sanifu hatulitumii zoma peke yake. Maana ya kutendea ingalipo: hatuzomei hewa, twamzomea mtu.

Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870, alilifasiri neno hili kwa kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuguna. Msomaji wa leo aweza kudhani kwamba ni mguno wa maumivu. Sivyo. Katika mikutano ya hadhara ya Uingereza ya karne ya 19, watu walimkataa msemaji kwa kuguna kwa pamoja. Steere alitafuta tendo, hakutafuta sauti.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 walifuata njia iyo hiyo. Katika sura ya 19 ya Yeremia, neno la Kiebrania linahusu sauti ya mluzi ambayo wapita njia huutolea mji ulioangamia. Wao waliandika kuzomea, na mluzi wakauacha.

Hapana budi basi kuyapambanua maneno yetu. Yowe huita msaada. Aliyelisikia hutoka mbio. Kigelegele hushangilia. Kuzomea humwaibisha mtu mbele ya kadamnasi, na kwa kawaida ni tendo la wengi: watoto wanaomfuata mtu njiani wakimwitia "Huyooo!" wanamzomea, ijapokuwa hawakutamka tusi hata moja.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba wafasiri na waandishi wa kumbukumbu watumie zomea kila panapokuwa na sauti za watu za kumkataa au kumfedhehesha mtu, ziwe miguno, miluzi au makelele. Panapohitajika jina, mazomeo lafaa, kwa kuwa limeundwa kama mapokeo kutokana na pokea. Kelele tuziachie kazi yake.