Namba Tasa

Asubuhi pale Ngamiani, Tanga, muuza machungwa humimina gunia lake la Muheza na kuanza kupanga mafungu. Machungwa 12 hayamsumbui: atayapanga mawili mawili, matatu matatu, manne manne au sita sita, na yote yataenea. Yakiwa 13, kwa kila mpango kati ya hiyo, chungwa moja litambakia mkononi. Hiyo 13 ndiyo vitabu vya shule ya msingi huita namba tasa: namba nzima inayozidi 1, isiyogawika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Jina hili lina lake. Shufwa na witiri, majina ya namba zinazogawika kwa 2 na zisizogawika, tumeyapata kwa Waarabu, na anayeswali witiri baada ya isha analijua neno hilo kabla hajashika chaki. Waarabu hao hao namba kama 13 huiita ya awali. Neno awali tunalo, tungeweza kulitumia. Sisi tukachagua tasa, sifa ya asiyezaa. Mtoto hulielewa papo hapo, ingawa ni neno zito; zipo nyumba ambamo halitamkwi, kwa kumsitiri mtu.

Na jina hilo ni la kweli nusu tu. Ukigawa, tasa haitoi kitu. Ukizidisha, ndiyo mzazi wa zote: kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa, imezaliwa na tasa, na wazazi wake ni wale wale hata uianzie wapi. Chukua 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Ukiitazama utaapa kuwa ni tasa. Jaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31: zote zinaacha baki. Ya kumi na mbili, 37, inaingia mara 53 kamili. Kazi inaishia hapo, maana 37 na 53 zenyewe ni tasa.

Namba ikikua, macho hayasaidii kabisa. 1,000,001 ni 101 mara 9,901. Ukipanda hatua mbili, 1,000,003 ni tasa, na kulithibitisha hilo kwa mkono yakupasa uijaribu kwa tasa zote zilizo chini ya 1,000, nazo ni 168. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Wala si ya mwisho. Mwanahisabati Euclid alikwisha kuthibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba tasa hazina kikomo.

Mimi nasema jina libaki, maana limekwisha kukaa vinywani mwa watoto. Ila siku mwalimu anapolifundisha, hapo hapo chini yake aandike ubaoni: 37 × 53 = 1961.