Lulanga

Lulanga ni ala ya muziki yenye nyuzi ya Washi wa Kivu ya Kusini nchini Kongo, kabila ambalo watu wa Luhwindja, usultani ulio katika wilaya ya Mwenga, ni sehemu yake. Nayo ni ya ukoo mmoja na inanga ya Rwanda na Burundi. Mwili wake ni kipande kirefu cha mti kilichochongwa na kufukuliwa mithili ya hori, na juu yake uzi mmoja, zamani wa kano za ng'ombe, hupitishwa katika mapengo ya ncha zote mbili, ukienda na kurudi hata zikapatikana nyuzi kadhaa, aghalabu nane.

Sauti yake ni ya chini, haifai uwanja wa ngoma, bali faragha ya nyumba na baraza ya mwami, yaani mtawala wa jadi, ambako mpigaji husimulia habari akiimba. Huko Burundi mwimbaji wa inanga hunong'ona tu, na sikio la msikilizaji, likifuata sauti za nyuzi, hudhani kwamba mnong'ono wenyewe unapanda na kushuka; na kwa utulivu huo ala hii i karibu na tafakuri.

Alan Merriam, mwanazuoni wa Marekani, alichunguza muziki wa Washi mwaka 1951 na 1952. Ama tiba kwa muziki hospitalini, ambayo utulivu wa lulanga waweza kuikumbusha, ni jambo la baadaye: hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na tabibu Denis Mukwege, ilianza mwaka 2015 kuwapa manusura wa ukatili fursa ya kutunga na kurekodi nyimbo zao wenyewe, ila huko dawa ni kuimba, si kusikiliza kimya.