Jimbo la Ukerewe

Ukerewe ni jimbo la uchaguzi mkoani Mwanza, lililo ndani ya Ziwa Viktoria. Makao makuu yake ni mji wa Nansio. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 345,147.

Uchumi ni samaki na shamba. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya maji, na asubuhi wanawake huanika dagaa hao juani. Sangara huuzwa kwa viwanda vya Mwanza. Nchi kavu hulimwa mihogo, mpunga na machungwa. Kisiwa cha Ukara, chenye watu wengi na ardhi haba, kinasifika kwa wakulima wanaofuga ng'ombe zizini ili wapate samadi.

Gertrude Mongella, rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, aliwahi kuwa mbunge hapa. Chama cha upinzani cha CHADEMA kilishinda 2010 na 2015, lakini mwaka 2018 mbunge wake, Joseph Mkundi, alihamia chama tawala cha CCM.

Mwaka huohuo, Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Kwa wapiga kura wa visiwani, kivuko salama ndiyo ahadi ya kwanza ya kumdai mbunge.