Taa Tunazo, Mmuliko Hatujaupa Jina

Neno istilahi tumelitoa katika Kiarabu, kwenye shina lile lile lililotupa suluhu na maslahi. Istilahi, basi, ni neno ambalo watu wamepatana juu yake. Kwa taa za mbele za gari hatujapatana, na zamani hilo halikudhuru sana. Tangu magari ya familia kama Mazda CX-5 na Nissan X-Trail yaanze kushushwa Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na taa za LED, linadhuru.

Chukua balbu, au globu kama wasemavyo wengi Tanzania. Yote mawili yametoka Kiingereza na yote yanataja umbo: la kwanza tunguu la mmea, la pili tufe. LED haina tumbo hilo la kioo, wala haina uzi ndani wa kuungua. Hata hivyo tunaendelea kusema “globu imeungua”, kisha tunakwenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta globu, na muuzaji anatujibu kwamba gari letu halina globu: tununue taa nzima. LED hufifia taratibu, au huzimika kwa sababu kinachoilisha umeme kimekufa. Tuseme imefifia, au imezimika. Fundi atajua pa kuanzia.

Kinachoilisha umeme watengenezaji hukiita kwa neno ambalo kwetu lingesomeka “dereva”. Gari lina dereva tayari. Abiria wa mabasi wamekwisha kuzoea kidhibiti mwendo. Kwa mfano huo napendekeza kidhibiti umeme. Na yale mapezi ya chuma mgongoni mwa taa, yanayotoa joto ambalo LED hulisukuma nyuma badala ya mbele, yaitwe kipozajoto. LED yenyewe tuiache ilivyo. Jina limeshaota mizizi.

Kioo cha taa siku hizi ni plastiki ngumu, polikaboneti. Sioni sababu ya kubadili jina. Kioo hakijawahi kufungwa na malighafi yake: tunajitazama katika kioo, na dirisha lina kioo. Uzuri uko katika vitenzi vyake. Kioo kilichopigwa na jua hadi kikawa cha manjano kimefubaa, nacho husuguliwa kwa msasa laini, kisha hupakwa kinga dhidi ya jua, la sivyo kitafubaa tena upesi. Kioo chenye umande mwembamba kwa ndani, unaokauka taa ikiwashwa, kinatoka jasho. Mara nyingi hakihitaji kitu. Taa yenye maji yaliyotuama imeingia maji, na hapo kuna ufa au mpira uliochoka. Lugha imekwisha kuyatenga maradhi matatu. Tukiyaita yote “ukungu” tunapoteza fedha na tunaipunja lugha.

Neno linalonisumbua zaidi ni kali. Kisu ni kikali, pilipili ni kali, jua ni kali, na taa nayo husifiwa dukani kwa neno hilo hilo. Kali hutaja nguvu na kunyamaza kuhusu uelekeo. Ndiyo maana mtu huchomeka globu ya LED ndani ya taa iliyoundwa kwa ajili ya globu ya halojeni, mwanga ukatawanyika hadi juu ya miti, naye akaona amefanikiwa kwa kuwa taa imekuwa kali. Anayekuja mbele yake ametiwa kiwi.

Kiwi! Hali ya jicho kushindwa kuona kwa kuzidiwa na mwanga, kwa silabi mbili tu. Tunalo neno hilo, na bado tunasema “amenipiga fulu”. Lirudi barabarani.

Tunachokosa ni jina la mwanga uliokusanywa ukaelekezwa, wenye umbo na ukingo. Taa ni chombo. Mwanga huenea popote. Mwale ni mmoja mmoja, kama wa jua. Lakini mulika ni kitenzi chenye shabaha: humulika kitu, mahali, njia. Kimezaa kimulimuli mdudu, na simu ndogo yenye tochi tuliipa jina la mulika mwizi. Kwa hiyo napendekeza mmuliko. Fulu iwe mmuliko mrefu, na dimu iwe mmuliko mfupi. Dimu inatudanganya kuwa mwanga umedhoofika, wakati kwa kweli umekatwa kwa juu tu, nao chini ya ukingo wake una nguvu tele.

Mmuliko mfupi una upande pia. Wa magari yatokayo Japani huinuka kidogo kushoto, ukingoni mwa njia, na kwa Tanzania, Kenya na Uganda unafaa kwa sababu nasi tunapita kushoto. Burundi, Rwanda na Kongo hupita kulia. Huko taa hiyo hiyo hupeleka mwinuko wake machoni mwa anayekuja. Ukiagiza “taa ya kushoto”, je, ni ya ubavu wa kushoto wa gari, au ya nchi inayopita kushoto? Ya kwanza iitwe taa ya ubavu wa kushoto, ya pili taa ya mwendokushoto.

Msomaji, ukibadilisha taa, usimwambie fundi aongeze ukali. Mwambie alenge mmuliko, gari likiwa limesimama mahali tambarare mbele ya ukuta. Na kama kwenu kuna neno bora kuliko mmuliko, litumie mbele ya mafundi wako.