Kamba na Mikoko ya Ruvuma

Historia ya kamba wa pwani yetu ni historia ya mikoko. Kamba huzaa baharini. Watoto wao huingia na maji ya kujaa, hukulia mizizini, kisha hurejea kilindini. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa mabwawa ya kamba katika delta ya Rufiji. Wanavijiji waliupinga, hata mahakamani, na mabwawa hayakuchimbwa. Mwaka 2000 Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, huko Mtwara, yakawa hifadhi ya bahari. Basi atakaye kufuga kamba na achimbe nyuma ya mikoko, penye mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Akiukata mkoko, ameivunja nyumba aliyolelewa kamba mwenyewe.