Usafiri wa mtumbwi katika Mto Kilombero

Usafiri wa mtumbwi katika Mto Kilombero ni usafiri wa majini unaofanyika katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania. Kwa muda mrefu mtumbwi ulikuwa chombo kikuu cha wakazi wa bonde hilo kwa uvuvi, biashara na kuvuka ng'ambo. Siku hizi hutumiwa zaidi na wavuvi na wakulima, na pia na wageni wanaotaka kuona viboko na ndege karibu na mji wa Ifakara.

Mto huu hauna meli za abiria. Miji ya kihistoria ya bonde pia haiko ukingoni mwa maji, kwa kuwa mafuriko ya kila mwaka yaliwalazimu watu kujenga mahali palipoinuka. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuona mto pamoja na miji yake huunganisha mtumbwi, barabara na reli.

Jiografia

Mto Kilombero huanzia mahali inapokutana mito Ruhudji, Mnyera na Mpanga. Hupita katika tambarare iliyo kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini mashariki. Mto huo hujulikana pia kwa jina la Ulanga. Kwenye maporomoko ya Shughuli hukutana na mto Luwegu, na kuanzia hapo huitwa Rufiji. Inakadiriwa kuwa Kilombero huchangia asilimia 62 hivi ya maji ya Rufiji kwa mwaka.

Tambarare hiyo ina urefu wa kilomita 260 hivi, na upana wake hufikia kilomita 52. Mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Mtumbwi hauwezi kutoka Ifakara hadi Bahari ya Hindi. Kizuizi cha kwanza ni maporomoko ya Shughuli. Mbele yake liko korongo la Stiegler, ambako limejengwa bwawa la umeme la Julius Nyerere lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Hivyo mitumbwi ya Kilombero na vyombo vya Rufiji ya chini havikuweza kuwa na njia moja ya maji.

Watu na vyombo

Wandamba wanajulikana kwa uvuvi na kwa ustadi wao wa kuendesha mitumbwi. Wakazi wengine wa asili wa bonde ni pamoja na Wambunga, Wapogoro na Wabena. Mtumbwi huchongwa kwa gogo moja. Penye maji ya kina kifupi huendeshwa kwa pondo, yaani mti mrefu unaosukumwa chini ya maji, na penye kina huendeshwa kwa kafi. Samaki wanaovuliwa ni pamoja na perege na kambale. Wakati wa kiangazi wavuvi hupiga dago kandokando ya mto, na maji yanapopanda huhama.

Miji na makazi ya kihistoria

* Ifakara ni mji mkubwa wa bonde na uko kilomita chache kutoka mtoni. Unajulikana kwa mchele na kwa utafiti wa malaria. Mwaka 1949 mtaalamu wa Uswisi Rudolf Geigy alifika huko, na mwaka 1957 ikaanzishwa maabara ambayo baadaye ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara.
* Mahenge uko milimani, ng'ambo ya mto. Wajerumani walikuwa na boma la kijeshi hapo. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma hilo.
* Utengule, upande wa juu wa bonde, ulikuwa makao ya watema wa ukoo wa Kiwanga waliotawala Wabena wa mitoni. Habari za utawala huo zimo katika kitabu cha A. T. na G. M. Culwick kilichotolewa mwaka 1935, ambacho Mtema Towegale Kiwanga alichangia sura moja.
* Mlimba ni kituo cha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Reli hiyo hufuata upande wa Udzungwa na hupita pia Ifakara.

Kuchagua njia na majira

Jambo la kwanza la kuangalia ni majira. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na mafuriko huwa makubwa Machi na Aprili. Wakati huo tambarare hufunikwa na maji, mikondo huwa na nguvu na barabara nyingi za vijijini hazipitiki. Kuanzia Juni hadi Oktoba maji hupungua, kingo huonekana na wanyama hukusanyika karibu na mto. Mwishoni mwa kiangazi, hata hivyo, mafungu ya mchanga huzuia mitumbwi mahali pengi.

Njia fupi na rahisi kufikika ni ile inayoanzia darajani karibu na Ifakara. Hapo mtumbwi hupita kando ya matete wanamoishi ndege kama mnana wa Kilombero (Ploceus burnieri), aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 na asiyepatikana kwingine ila katika bonde hili. Safari ya kwenda juu ya mto huonyesha zaidi kambi za wavuvi na mbuga za sheshe, swala anayependa maeneo ya majimaji. Huchukua muda mrefu zaidi, kwani chombo hupanda dhidi ya mkondo. Kwenda chini kuelekea Shughuli ni kuingia katika pori na maporomoko.

Kwa anayetafuta historia zaidi ya mandhari, barabara ya Ifakara hadi Mahenge kupitia Lupiro hufaa kuliko mtumbwi, kwa maana huvuka mto na kupanda hadi bomani.

Usalama

Viboko na mamba ni hatari ya kila siku. Kiboko huweza kupindua mtumbwi anapozibiwa njia ya kurudi kwenye maji ya kina, kwa hiyo waendeshaji wazoefu hupita mbali na kundi na huepuka kusafiri usiku. Upepo nao ni hatari hata kwa vyombo vikubwa: Januari 2016 pantoni iliyokuwa ikivusha watu na magari karibu na Ifakara ilipinduka.

Mabadiliko

Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilichukua nafasi ya pantoni na kuunganisha Ifakara na wilaya za Ulanga na Malinyi. Mgonjwa anayetoka Lupiro kwenda hospitali ya Ifakara hangoji tena pantoni. Kwa upande mwingine, kazi ya kuvusha watu ikapungua, na waendeshaji wa mitumbwi wakabaki na uvuvi, mizigo ya mashambani na wageni wachache.

Mustakabali wa usafiri huu unategemea maji yenyewe. Kilimo, ufugaji na umwagiliaji vimeongezeka katika bonde, na mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilipandishwa hadhi kutoka pori tengefu kuwa pori la akiba. Hatua hiyo inalenga kulinda vyanzo vya maji na wanyamapori, lakini pia inabana maeneo ambamo wavuvi na wakulima walizoea kufika kwa mtumbwi.